Mililana ya Kengeja inakauka kuanzia ncha: nondo, mchanga au mkono wa mtu?

#1 Mwana_wa_Kengeja
Assalaam alaykum wana jamvi. Nnaomba wanaoijua mikoko wanisaidie.

Huku kwetu Kengeja, Pemba, safu ya nje kabisa inayotazama bahari, mililana, aina moja ya miti ya mikoko, inakauka. Mti haufi wote kwa mara moja. Zinaanza ncha za matawi ya juu, majani yanageuka manjano, yanapukutika, tawi linabaki kavu jeupe. Halafu linafuata jengine. Chini mti bado una majani mabichi. Mikoko yenyewe na mikandaa, aina nyengine za miti hiyo, iliyo nyuma yake ni mizima kabisa, haina hata dalili.

Maji yalipojaa nikaingia na mtumbwi mpaka chini ya mti, nikalivuta tawi nikaliangalia. Pale kwenye panda, tawi linapoachana na jengine, kuna utando wa hariri umechanganyika na unga wa mbao, rangi ya ugoro. Ukiugusa unabanduka wote kwa pamoja. Chini yake gamba limeliwa mpaka kwenye mti mweupe, na pembeni kuna tundu la duara linaloingia penseli.

Wazee wananambia ni mchanga umefukia mizizi. Vijana wanasema ni mafuta machafu ya mashine za boti. Mie nnasema ni mdudu. Nani mkweli?

#2 Pwani_Safi
Waalaykum salaam. Weka picha yakhe.

#3 Mwana_wa_Kengeja
Picha inagoma kupanda, mtandao wa huku mnaujua. Nitajaribu usiku.

#4 Baharia_Mstaafu
Wazee wako wanasema kweli, wasikilize. Mlilana ndio mti wa mbele, unapigwa na wimbi kabla ya miti yote. Unavuta pumzi kwa vile vijiti vya mizizi vinavyochomoza juu ya tope. Mchanga ukija ukavifukia, mti unakosa hewa, na sehemu inayokosa chakula mwanzo ni ile ya juu kabisa. Ndio maana unakauka kutoka ncha.

Mie nimeshuhudia baada ya mvua za El Nino za 1997 na 1998. Udongo ulitelemka kutoka mashambani ukaja kutua kwenye mikoko, na miti ilikufa sehemu nyingi za pwani hii, Kenya pia. Wakati ule hapakuwa na mtu aliyetaja nondo. Mdudu anakuja kwenye mti ambao tayari unaumwa.

#5 Bi_Mdudu
Salaam. Mimi nimesomea wadudu waharibifu wa misitu, na naomba niseme kidogo kwa sababu maelezo ya #1 ni mazuri sana, hasa ule utando.

Utando wa hariri na unga wa mbao, gamba lililoliwa chini yake, na tundu pembeni: hizo ni alama za viwavi wa nondo wa jamii ya Metarbelidae. Mchana kiwavi analala ndani ya tundu lake kwenye mti. Usiku anatoka, anatambaa chini ya ule utando alioufuma mwenyewe, anakula gamba, kisha anarudi ndani kabla hakujapambazuka. Utando unamkinga na ndege na sisimizi. Ndio maana unaweza kupita kwenye mti kila siku usimuone mdudu hata mmoja.

Na hili si jambo la kubuni. Kuna utafiti wa pwani ya Kenya, ulichapishwa 2016, uliochunguza mililana inayokauka matawi. Walikuta wadudu wawili: nondo wa kundi linaloitwa Salagena na mbawakawa mwenye vipapasio virefu anayeitwa Bottegia rubra. Wote wawili wanatoboa matawi ya mlilana. Bahari ni ile ile na mti ni ule ule, kwa hiyo sioni ajabu akiwepo na Pemba. Ila jina kamili haliwezi kutolewa kwa kuangalia tundu peke yake. Anatakiwa nondo mzima mkononi.

@Baharia_Mstaafu, ya mchanga sikatai. Lakini mchanga haufumi hariri.

#6 Baharia_Mstaafu
Umejibu vyema mwanangu. Lakini soma tena nilichoandika: nimesema mdudu anakuja baadae. Hariri haikatai hilo.

#7 Fundi_Mataruma
Mie fundi wa vyombo. Mlilana tunautumia kwa mataruma, zile mbavu za chombo, unapinda wenyewe vizuri, huhitaji kuutia moto. Siku hizi ukiletewa gogo unalipasua unakuta ndani limetobolewa. Hasara tupu.

Suali langu: huyu ndiye yule yule anayekula chombo kikiwa majini? Maana sisi tunapaka deheni na tunachoma chini ya chombo kwa makuti makavu kwa ajili yake.

#8 Bi_Mdudu
Hapana fundi, hao ni wawili tofauti kabisa. Yule wa chombo si mdudu, ni jamaa wa chaza na kombe, mwili wake mrefu kama nyungunyungu. Anaishi kwenye mbao iliyo ndani ya maji ya chumvi. Ukipasua mbao aliyoila utakuta njia zake zimepakwa chokaa nyeupe ndani, ni yeye anayeitengeneza.

Kiwavi wa nondo anakaa juu, maji yasikomfikia, kwenye mti ulio hai. Njia yake haina chokaa. Gogo lako litakwambia mwenyewe: njia ikiwa na ukuta mweupe mgumu, basi mti uliwahi kulala majini muda mrefu kabla hujauziwa.

#9 Fundi_Mataruma
Ahsante bibie. Kumbe kuna watu nnatakiwa nikawaulize magogo yao walikuwa wameyaweka wapi.

#10 Kijana_wa_Unguja
Uzi kuhusu mikoko na hakuna hata mtu mmoja wa Kisiwa cha Uzi! 😂 Wenye jina lao wako wapi?

#11 Mkaazi_wa_Uzi
Tupo, tunasoma kimya kimya. Kwetu njia ya kuingilia kisiwani inapita katikati ya mikoko, bamvua ikijaa gari zilikuwa hazipiti. Mililana iko, na matawi makavu yapo, ila sisi tunalaumu kima punju. Wanakuja kwenye mikoko kula majani machanga, wanavunja ncha.

#12 Bi_Mdudu
Kima punju kweli anakula majani ya mikoko sehemu za kwenu. Lakini tawi lililovunjwa na mnyama linaonesha mpasuko na majani yake yanakauka yakiwa bado yameshika. Tawi la kiwavi limesimama zima, halijavunjika, na majani yamepukutika. Angalieni pandani, si nchani.

#13 Mkaazi_wa_Uzi
Na Pemba hakuna kima punju wa kuwalaumu, labda wachache wale waliopelekwa msitu wa Ngezi. Haya, nitaangalia.

#14 Sauti_ya_Kaskazi
Jamani mnazunguka bure. Ni kile kimbunga cha Hidaya cha Mei 2024. Upepo ulipiga mikoko yote.

#15 Pwani_Safi
Hidaya kilipiga Mafia na pwani ya kusini ya bara. Pemba iko mbali kaskazini. Sisi tulipata mvua na boti kuzuiwa, lakini si upepo wa kuua miti. Halafu upepo ungechagua mlilana ukauwacha mkoko ulio nyuma yake?

#16 Sauti_ya_Kaskazi
Mlilana ndio wa mbele, ungeanza kupigwa huo.

#17 Karafuu_Ndiyo_Maisha
Mie sina mikoko, nina mikarafuu Mtambile, na uzi huu umeniondoshea usingizi. Huyu nondo anaweza kuhamia kwenye mikarafuu? Nina miti ya marehemu baba inakauka ncha vilevile. Mwengine wanasema mchwa, mwengine wanasema ni ule ugonjwa wa kufa ghafla wa zamani, mwengine wanasema chonga.

#18 Mzee_wa_Shamba
Chonga ni wa minazi. Anakula kuti changa katikati kabla halijafunguka, ndio ukaona majani yamekatwa kama kwa mkasi. Mkarafuu haumuhusu. Mchwa anauwa zaidi miche, anakula mizizi na shina la chini. Na ule ugonjwa wa kufa ghafla mti mkubwa majani yote yanakauka kwa muda mfupi, mti mzima. Hauanzi tawi moja moja. Sasa wewe wako unakauka ncha, uko kwenye fungu jengine. Kuna kuvu inayoingia pale wachumaji wanapovunja matawi wakati wa kuchuma. Tawi likivunjwa vibaya, linafia pale na linaendelea kushuka.

#19 Bi_Mdudu
Mzee amesema vizuri. Nongeze moja. Madagascar, ambako nako wanategemea karafuu, wana nondo wao anayetoboa mikarafuu, Chrysotypus mabilianum. Kiwavi anaingia tawini na kushuka mpaka shinani, na huko ni adui mkubwa. Lakini huyo ni jamii nyengine, si huyu wa mlilana. Nondo wengi wanaotoboa miti wana miti yao wanayoizoea. Kuhama kutoka mlilana kwenda mkarafuu si jambo la kutokea hivi hivi.

@Karafuu_Ndiyo_Maisha, pasua tawi moja linalokufa, pale mbichi inapokutana na kavu. Ukikuta njia na unga, ni mtoboaji. Ukikuta mti umegeuka rangi ya kahawia bila ya njia yoyote, mfuate Mzee_wa_Shamba.

#20 Karafuu_Ndiyo_Maisha
Allah akulipe. Kesho nachukua panga.

#21 Mama_Mapera
Na mimi nna mpera nyuma ya nyumba, Wete. Utando huo huo wa ugoro, kwenye shina, unapanda kama njia ya mchwa lakini ukiubandua si udongo. Nimemwaga maji ya sabuni, haikusaidia kitu.

#22 Mzee_wa_Shamba
Bandua utando wote mpaka uone tundu. Chukua spoku ya baiskeli, iingize taratibu mpaka uhisi kitu laini, umchome huko huko. Kisha ziba tundu kwa udongo wa mfinyanzi. Fanya jioni kabla hajatoka. Rudi baada ya siku chache: utando mpya ukiwepo, bado yumo.

#23 Bi_Mdudu
Ndivyo. India kuna ndugu zao, Indarbela quadrinotata, anayesumbua mipera, miembe na hata mivinje. Huko wakulima wanafanya hivyo hivyo kwa waya, wengine wanaingiza pamba yenye mafuta ya taa na kuziba kwa udongo. Kwa mpera wa nyumbani inawezekana. Kwa mikoko TAFADHALI msithubutu mafuta ya taa wala dawa ya kupuliza. Chini pana kaa, kamba, vidagaa, na akina mama wanaookota chaza.

#24 Kijana_wa_Unguja
Na kama tunakata matawi yote makavu tunayachoma? Tunapata na kuni.

#25 Afisa_Zamani
Hapo pa kuni ndipo panaponitia hofu. Mikoko inalindwa na Sheria ya misitu namba 10 ya 1996. Hukati tawi, hata kavu, bila ya ruhusa. Nimewahi kuona kijiji kimoja wakianza na "tunaondosha yaliyooza" na mwaka haujesha wanakata mazima kwa ajili ya tanuri la chokaa. Mwana_wa_Kengeja, nenda kwa sheha, nenda kwa kamati ya misitu ya shehia, waeleze, uombe ruhusa ya kuchukua matawi machache ya uchunguzi. Uandikiwe.

#26 Mwana_wa_Kengeja
Nilishakwenda ofisi moja huko nyuma. Nikaambiwa "miti ya baharini hufa, ni kawaida". Ila kwa sheha nitakwenda, huyu wa kwetu anasikiliza.

#27 Pwani_Safi
Nirudi kwa @Afisa_Zamani na kukata. Mlilana una bahati mkoko hauna. Ukikata mkoko chini ya majani yake hauchipui tena, umekwisha. Mlilana na mchu, aina nyengine ya mikoko, ikikatwa inachipua pembeni. Kwa hiyo tawi la mlilana likikatwa kabla kiwavi hajashuka shinani, mti unaweza kutoa jengine. Siyo kwamba nawaruhusu watu, nasema kwa wenye ruhusa.

#28 Maji_Moto_Fan
Mmesahau dawa ya bure iliyopo visiwani kwetu: maji moto! Wale chungu wekundu wanaoshona majani. Miaka ya 1950 mtaalamu wa Kiingereza, Way, aliwasoma hapa hapa Zanzibar, akaonesha kwamba minazi yenye maji moto haipukutishi dafu changa, kwa sababu wanamfukuza yule kunguni anayefyonza nazi. Kunguni mwenyewe akapewa jina lake, Pseudotheraptus wayi. Kama wanalinda minazi, wapelekwe na kwenye mililana.

#29 Bi_Mdudu
Ya minazi ni kweli kabisa. Lakini kunguni anakaa nje, wazi. Kiwavi huyu mchana yumo ndani ya mti na usiku yumo chini ya utando. Maji moto anaweza kumpata pale tu anapotoka kwenye yai, mdogo, bado hajatoboa. Siku chache tu hizo. Wanaweza kusaidia, lakini sitegemei wamalize kazi.

#30 Fundi_Mataruma
Na mlilana wenye maji moto nani atapanda kuukagua? 😂 Mie simo.

#31 Maji_Moto_Fan
Fundi unaogopa chungu na umri huo!

#32 Mwalimu_Micheweni
Nimesoma wote kwa utulivu. Nina jambo ambalo halijasemwa. Kuna sehemu nyingi za Pemba miradi imekuja kupanda mikoko. Wanapanda nini? Mkoko wenyewe tu, aina ile moja, kwa sababu ile mbegu yake ndefu ni rahisi: unaichomeka kwenye tope, basi. Na wanaipanda wapi? Mbele kabisa, kwenye mahali pa mlilana, kwa kuwa ndipo penye nafasi. Inakufa. Mlilana wenyewe mbegu zake ni ndogondogo, nyingi ndani ya tunda, kitalu chake kinataka kazi, kwa hiyo hakuna anayejishughulisha.

Matokeo yake ni kwamba mlilana mzee ukifa, hakuna wa kurithi. Huyo nondo hata awe dhaifu vipi, anauwa miti ambayo haina watoto. Hilo ndilo la kuhofia. Nani anapanda mlilana Pemba? Nitajieni kijiji kimoja.

#33 Bi_Mdudu
Mwalimu umegusa pabaya. Niongeze kwamba kupanda nako kunataka hadhari. Bangladesh walipanda mashamba makubwa ya mti ndugu wa mlilana, wenyewe wanauita keora, kuzuia mawimbi. Akaja nondo mwengine, Zeuzera conferta, akatoboa mashina. Miti ya aina moja, umri mmoja, imesogeleana: nondo jike hahitaji hata kuruka mbali. Na nondo hawa wakishakuwa wakubwa hawali kabisa, mdomo wa kufyonzea hawana. Wanaishi kwa akiba waliyoila wakiwa viwavi, wanapandana, wanataga kwenye nyufa za gamba, wanakufa. Maisha yao yote yamo ndani ya mti.

#34 Baharia_Mstaafu
Sasa Bangladesh ile miti ilikuwa inaumwa au mizima?

#35 Bi_Mdudu
Michanga na yenye nguvu mingine, baba. Ndio maana nakupinga kwa adabu kwamba mdudu siku zote anamfuata mgonjwa.

#36 Mwalimu_Micheweni
Na mimi nampa Baharia nusu. Mti uliofukiwa mizizi hauna nguvu ya kuziba jeraha. Wote wawili wanaweza kuwa kweli mahali pamoja.

#37 Sauti_ya_Kaskazi
Na upepo.

#38 Pwani_Safi
Haya, na upepo.

#39 Mwana_wa_Kengeja
Wakuu, nimerudi. Sheha ameniruhusu kwa maandishi, na kijana wa kamati tumekwenda pamoja. Tumechukua matawi matano kutoka miti tofauti. Nimeyapasua barazani, watoto wote wa mtaa wamekuja kutazama.

Matatu yana utando. Ndani kiwavi, rangi ya maziwa iliyoingia uwekundu, kichwa cheusi kinang'ara. Mbele ana miguu midogo sita yenye kucha, na nyuma ana vile vifundo laini vya kushikilia. Ukimgusa anarudi kinyumenyume kwenye njia yake upesi mno. Ukuta wa njia ni laini, msafi, unga wote ameusukuma nje. Kwenye tawi moja kuna ganda tupu la kahawia limekwama mdomoni mwa tundu, nusu ndani nusu nje.

Mawili hayana utando hata kidogo. Ndani buu mweupe, mnene mbele, hana miguu ninayoiona, kichwa kimeingia mwilini. Njia yake bapa, imeshindiliwa unga tele.

Na @Baharia_Mstaafu, nimekwenda kuangalia mizizi kama ulivyosema. Miti miwili kati ya hiyo mitano, vijiti vya mizizi vimefukiwa mpaka karibu na ncha. Mitatu iko wazi kabisa.

#40 Baharia_Mstaafu
Miwili iliyofukiwa ilikuwa ya kiwavi au ya buu?

#41 Mwana_wa_Kengeja
Mmoja wa kiwavi, mmoja wa buu.

#42 Kijana_wa_Unguja
Hapo hakuna aliyeshinda! 😂

#43 Bi_Mdudu
Mwana_wa_Kengeja, kazi nzuri sana hiyo. Yule wa miguu na utando ni kiwavi wa nondo. Lile ganda lililokwama ni la pupa, yaani kiwavi anapojigeuza kuwa nondo: nondo anapotoka, ganda lake linabaki mlangoni. Yule asiye na miguu, kichwa kimezama, ni buu wa mbawakawa. Wote wawili mnao, kama walivyokuta Kenya.

Sasa bado kazi moja. Kwa ruhusa ile ile chukua tawi jengine lenye utando, usilipasue, lisimamishe ndani ya ndoo yenye mchanga wenye unyevu, mwagia maji baridi, yasiyo ya chumvi, lifunike na chandarua kilichofungwa vizuri chini. Liweke kivulini. Akitoka nondo, mpate kabla hajapigapiga mabawa yakachakaa, muweke kwenye kikopo kikavu. Hapo ndipo tutamjua jina.

#44 Mzee_wa_Shamba
Tawi likikauka kabla yake atakufa humo. Kata refu, na upake nta au tope kwenye mkato wa juu. Na mchanga uwe na unyevu tu, usiwe tope.

#45 Mama_Mapera
Spoku imefanya kazi! Nimetoa wawili. Wa tatu sikumpata, utando umerudi.

#46 Mwana_wa_Kengeja
Chandarua kipo, ndoo ipo. Bi_Mdudu, nondo wenyewe wanatoka wakati gani, kusi au kaskazi? Nisije nikakaa nangojea mwaka mzima.

#47 Bi_Mdudu
Wale ndugu zao wa India wanazaa mara moja kwa mwaka. Ganda ulilolikuta lilikuwa bado gumu au linavunjika mkononi? Likiwa gumu, wenzake wanaweza kuwa karibu kutoka. Washa taa ukutani usiku, utandike shuka jeupe, uone kinachokuja.

#48 Karafuu_Ndiyo_Maisha
Nimepasua mkarafuu. Hakuna njia wala unga, mti wa ndani umekuwa kahawia mpaka chini. Mzee_wa_Shamba uko wapi?